Pantaleo kalamba jiwe la Ndaki

Eufrasia uko wapi?? Pokea simu basi. Haya, naandika.

Mume wangu kalamba jiwe la Ndaki. KALAMBA!

Si unayajua yale majabali ya kule juu, kubwa kama nyumba limekaa juu ya dogo kama kigoda, na wala halianguki? Asubuhi kapita pale, kaona rundo la vijiwe chini yake, kimoja kinang'aa. Mchimbaji ni mchimbaji. Kakiokota, kakilamba aone kama kina dhahabu, kaja nacho nyumbani.

Yeye mgeni, kaja juzi tu kutoka Bukoba. Angejuaje kwamba kila kijiwe pale ni mtu aliyefukiwa duarani, mle shimoni mwa dhahabu, mwili haukutolewa?

Mama Ndaki kaja kuomba kiberiti, kamkuta anakilamba tena. Kakitambua palepale. Hakupiga kelele, shoga. Bora angepiga. Kauliza taratibu, "Baba, unamlamba mwanangu?"

Pantaleo kakitoa mdomoni. "Nisamehe, mama. Sikujua."

"Mrudishe mwenyewe. Njiani mwongeleshe, hapendi kimya."

Kamrudisha. Nimemwona kwa macho yangu akipanda kule anaongea na jiwe, anacheka kidogo, kisha ananyamaza kama anayejibiwa. Kama anayejibiwa, Eufrasia!

Karudi. Nikamwambia leo usishuke duarani. Kavaa tochi yake kichwani, kaokota kijiwe pale mlangoni, kakilamba, kaniwekea kiganjani.

"Hiki changu. Ndaki kasema nikuachie."

Kashaondoka.