Saa Kumi na Tisa Kitini

Machi 4

Mwanangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Sisi hatujambo, mama yako kikohozi tu, na hicho wameshazoeana. Simu nimemwachia yeye, maana mimi nikiishika maneno yananikimbia.

Hapa karakanani kumezuka ubishi. Fundi rangi anasema huko uliko ni mwendo wa siku tatu kwa ndege. Nikamwambia, "Ndege wewe umeiona tumbo tu." Lakini na mimi sijui. Ni mbali kiasi gani?

Baba yako

Machi 27

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, na kazi ya kutengeneza lifti inaendelea. Mpe pole fundi rangi, ameshindwa. Ni kilomita elfu tisa na ushei. Ndege ya kwanza inachukua saa saba, kusubiri uwanjani saa nne, ya pili saa nane. Jumla kumi na tisa.

Mwaka huu likizo haitapatikana. Msalimie Mama.

Mwanao

Aprili 15

Mwanangu,

Marahaba. Fundi rangi kanuna, anapiga msasa kama anamkwangua mtu.

Saa kumi na tisa! Basi la kwenda kwa shangazi yako likipata pancha linazipita hizo, na kila mwaka twaenda. Wewe mwaka wa nne huu unaniimbia likizo. Si kilomita zinazokuzuia. Kama ni mwanamke, mlete. Kama ni polisi, sema. Kama umetuchoka, sema pia. Mama yako sitamwambia.

Baba yako

Agosti 30

Shikamoo Baba,

Niwie radhi kwa kimya. Habari za afya nimekuwa nikiwadanganya.

Si mwanamke wala polisi. Miaka mitatu iliyopita nilitumbukia kwenye shimo la lifti, ghorofa mbili. Nyonga imeungwa kwa vyuma. Lifti sizigusi tena. Napokea simu za wateja, nimesimama. Nikikaa saa moja tu, machozi yananitoka. Kwenye picha zote nilizowatumia, fimbo niliiegemeza pembeni.

Njia naijua, Baba. Kiti ndicho kinachonishinda. Mama usimwambie.

Mwanao

Novemba 2

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Pole ya miaka mitatu siijui inavyotolewa.

Umenikataza kumwambia mama yako. Nilijitahidi mpaka chakula cha jioni. Alilia, akafuta meza iliyokuwa safi. Kisha akauliza, "Kwani asiyeweza kukaa si yeye peke yake?"

Nikasema ndiyo.

"Basi sisi tunangoja nini?"

Hati za kusafiria tumezipata, viza zimetoka jana. Mama yako anafanya mazoezi ya kukaa. Ameliburuta kochi mpaka dirishani na hataki kusemeshwa. Tunatua tarehe ishirini na nane mwezi huu, asubuhi. Uwanjani usije, utajiumiza. Wewe tufungulie mlango tu.

Barua hii usiijibu. Jibu halitatukuta.

Baba yako