Jongoo Wangu wa Machimboni

Diani, Jumapili baada ya adhuhuri

Kwa Bibi Mwanasha, Majoreni,

Shikamoo, mke wangu mzee. Goti linasemaje siku hizi? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila nimejaa hasira. Na wewe mdogo wangu Athumani unayemsomea Bibi, usiruke hata neno.

Unajua huku tunapanda mivinje kwenye machimbo ya zamani ya chokaa, palipobaki mawe matupu. Mwanzo nilikuwa nikifagia chini ya miti kila asubuhi mpaka panang'aa, kama ulivyonifunza kwa kunichapa mwiko. Miti ikageuka manjano. Lakini nyuma ya choo, ambako niliona uvivu kufagia, mvinje ulinipita kimo. Nikafukua. Majani makavu tele, jongoo wanayatafuna, na chini yake udongo mweusi, minyoo na vidudu nisivyovijua hata majina. Niliyevumbua ni mimi, Bibi, niliyeishia darasa la tatu.

Basi nikatupa ufagio, nikawa naleta jongoo kwa kikapu kutoka msituni. Wenzangu wakaniita Bwana Jongoo. Nikawaambia, "Niiteni, lakini asikanyagwe mtu wangu." Masika mbili tu, udongo ukafika kina cha kidole.

Juma lililopita nyapara akasema anakuja mkubwa kutoka Kwale. "Fagieni majani yote, mchome."

"Bwana, hayo majani na jongoo wake ndio udongo wenyewe."

"Udongo una miguu? Choma, au funga kifurushi chako."

Nikakataa. Wenzangu wakachoma. Jongoo walijikunja majivuni kama pete, na siku hiyo sikula.

Mkubwa alipofika akachokoa chini kwa fimbo, akapata jiwe. "Udongo ulioniandikia kwamba umerudi uko wapi?" Nyapara akatazama viatu vyake. Nikampeleka mgeni nyuma ya choo, mahali ambapo hawakuchoma kwa kuwa hakuna aliyedhani atafika. Akainama, akachota udongo, akaunusa. Na nyapara, bila haya, akasema, "Hapa nimepaacha makusudi, bwana."

Makusudi, Bibi. Mtu asiyejua mdomo wa jongoo uko upande gani.

Sasa mkubwa atarudi baada ya mvua, na nyapara ananibembeleza nikalete jongoo wengine. Nimemwambia nitakwenda, ila kikapu atabeba yeye. Amekubali. Kesho tunaingia msituni, mimi mbele.

Nisalimie Mama Mkubwa muuza samaki, na Mjomba fundi seremala. Na chini ya mchungwa wako, acha majani yalale. Nikirudi nikute umefagia, nakupa talaka.

Mumeo,
Hamisi, Bwana Jongoo