Rudia Nisikie

Kyebando, Kampala

Baba yangu mpenzi,

Hujambo? Goti limepoa au bado linakusumbua asubuhi? Mama je, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, nimekonda kidogo tu, na hilo usimwambie. Ningepiga simu, lakini wewe kwenye simu husema "sawa, sawa" kisha unampa mtu mwingine. Haya nataka uyasome mwenyewe.

Kuna jambo nilikuficha. Nilianguka mtihani wa vitendo. Mimi, niliyesoma vitabu vya famasia mpaka kurasa zikaachana! Chuoni kuna chumba kilichopangwa kama duka la dawa, na mwalimu hujifanya mgonjwa. Nikamweleza dozi, madhara, vyakula vya kuepuka, bila kukosea neno. Nikampa pakiti. Alipofika mlangoni akageuka: "Sijaelewa hata kidogo, ila nimeogopa kukuuliza." Basi, nikaanguka. Nikaambiwa nikishindwa tena, narudia mwaka mzima. Nililia njia nzima.

Hajati, Mnubi mwenye nyumba ninayopanga, akanikuta jikoni nimeinamia kitabu. "Kila siku soma, soma! Mikono yako iko na kazi gani?" Akavuta kiti. "Mimi iko mgonjwa. Leta dawa."

Nikafunga majani ya chai kwenye karatasi. Baba, wallahi, mikono ilikunja ile karatasi kama unavyokunja wewe, nami kwa mawazo nikarudi utotoni, zahanati yetu ya Kitale, nimekaa kwenye kreti kando ya dirisha lako la dawa, mvua ikipiga bati. Nilivyopakumbuka pale! Hukuachilia pakiti mpaka mtu aseme atakavyomeza. "Rudia nisikie." Foleni inanung'unika, na yule mzee wa ng'ombe anakosea mara tatu, nyote wawili mmeshikilia pakiti kama mnaigombania. Niliona aibu, nikajificha nyuma ya mlango. Nisamehe, Baba.

Tulifanya mazoezi na Hajati wiki mbili. Alikosea makusudi, mkaidi yule!

Juzi nikarudia mtihani. Mwalimu akanyoosha mkono kuchukua pakiti, sikuiachilia. "Rudia nisikie," nikasema. Akasema vidonge vitatu mara moja kwa siku. La! Kimoja, mara tatu. Nikaeleza upya, polepole. Akapatia, nikaachilia.

Nimepita, Baba! Nimepita!

Mwalimu akaniuliza nani alinifundisha hivyo, maana katika noti zake hakuna. Nikamwambia ni baba yangu. Akauliza unafundisha chuo gani. Nikamwambia, dirishani.

Nisalimie Mama sana, na shangazi anayeuza viazi sokoni, na kaka yangu mvivu wa kuandika. Hajati naye anawasalimu, anasema mimi sasa "iko daktari kidogo."

Ukimaliza kusoma, nipigie. Sitaki "sawa, sawa." Niambie nilichoandika. Sikati simu mpaka urudie nisikie.

Ni mimi binti yako,
Nekesa