Samaki wa Kukaanga Rasi ya Hinetai

S.L.P. 61,
Kaitaia.
11 Februari 2019.

Mpendwa kaka Tamihana,

Nakusalimu wewe, wifi Losa na watoto. Joto la Perth linawatendeaje? Na kifua chako, bado kinasumbuliwa na vumbi la mgodini? Sisi tu wazima, ila magoti yangu yanagoma kila mvua ikinyesha.

Sasa nikueleze lililonikaa kooni.

Jumamosi nilimpeleka shangazi Mereana Rasi ya Hinetai, kwenye makaburi ya ukoo wetu. Tangu atoke hospitali alikuwa akiomba jambo moja tu: akakae kidogo na marehemu mumewe, anioneshe na mahali atakapozikwa, ubavuni pake. Hatukubeba hata biskuti, maana tulilelewa kwamba chakula hakisogezwi karibu na wafu.

Tulipofika, nje ya lango la makaburi tulikuta maegesho ya magari, na mbele kabisa kigari cha chakula, mafuta yanachemka. Muuzaji ni binamu yetu Hohepa. Watalii wamekalia ukuta wa makaburi wanakula chipsi. Lile bomba tunalonawia tukitoka kwa wafu, wanasuuzia vidole vyenye tomato.

Shangazi akashusha kioo. "Hohepa, unamkaangia babu yako samaki?"

"Babu yuko kule juu, shangazi. Mimi niko huku chini."

"Na moshi umeuambia uishie wapi?"

Hohepa akacheka, akaleta chai. "Kunywa basi, umetoka mbali."

Hakuipokea, wala hakushuka. Mtu hapiti kwenye chakula kilichopikwa kwenda kwa wafu wake, na njia nyingine hakuna. Akawaita marehemu kwa sauti ya maombolezo akiwa garini, mkanda kifuani. Watalii wakampiga picha.

Najua hoja yenu mliopiga kura biashara iruhusiwe pale: ajira kwa vijana. Kijana gani? Hohepa yuko peke yake pale, na ana mvi nyingi kuliko mimi. Nusu ya maisha yangu nimepigana magazetini na waliotupora fukwe. Safari hii hakuna aliyetupora. Lango tumelifungua wenyewe, kwa kura, na kura yako uliipiga kwa simu, ukiwa zamuni, bila kuuliza kigari kitakaa wapi.

Wakati wa kurudi shangazi alisema azikwe makaburi ya manispaa, kati ya watu asiowajua. "Huko angalau hawapiki."

Wenye ardhi tunakutana tena katikati ya Machi. Kura za simu safari hii hatupokei. Njoo usimame ukumbini, uso kwa uso na ukoo wako, uifute kura ile. Ukishindwa kuja, basi mpigie shangazi, umwambie kwa mdomo wako kwamba mumewe atalala peke yake.

Nisalimie wifi, na umbusu Aroha mdogo kwa niaba yangu. Mungu akulinde huko chini ya ardhi ya watu, akurudishe juu ukiwa mzima.

Ni mimi dadako, nikupendaye na niliyekukasirikia,
Rawinia