Baba, Steringi Amekufa

Baba,

Nimekasirika. Nianze na hilo, salamu zitafuata.

Kule kambini Kigoma, ulipokuwa ukisimama kando ya televisheni na kipaza sauti ukitutafsiria sinema za farasi, ulikuwa na mtu wako mmoja, yule mwigizaji wa Amerika mwenye kidevu kirefu. Maisha yake uliyajua kuliko ya ndugu zako: alianza kwa kuangushwa na farasi badala ya waigizaji wakubwa, akapanda mpaka akawa steringi, akazeeka, wakaanza kumpa visehemu vya kufa tu. Hapo ndipo ulipokataa. Anapigwa risasi, anafumba macho, wewe unapaza sauti: "Amezimia tu, jamani! Kesho anatoka hospitali!" Watu waliokuwa wamezika ndugu wengi mno wanapiga makofi. Mama ndiye aliyecheka kuliko wote.

Lakini Baba, mke wako si watu wa banda la video!

Hapa ughaibuni, hospitali ya Liverpool walitaka kukuletea mkalimani. Ukasema hapana, Kiingereza unacho, Mama utamtafsiria mwenyewe. Mimi nilikuwa shift, ghalani Ingleburn. Daktari akaeleza kwamba kansa imefika kwenye ini, hakuna dawa tena, kilichobaki ni kukaa pamoja na kuagana. Wewe ukamgeukia Mama: "Anasema ni kidonda tu. Wiki ijayo niko nyumbani."

Mama akafua mashuka. Akanunua sombe, yale majani ya muhogo uliyoyapenda. Ulikata roho yeye yuko jikoni anatwanga karanga, hajakuaga, hajakuuliza hata uzikwe na suti gani. Yule nesi Mkenya wa wodini kwako ndiye aliyeniambia, "Pole dada, mzee alielezwa kila kitu."

Tangu mazishi Mama halii. Picha yako ameigeuzia ukutani. Wajukuu wakimuuliza kwa Kiingereza chao, anarudi jikoni. Mara moja tu alisema: "Na mimi alinifanyia sinema."

Najua ulimpenda. Ulishindwa kumwona akilia, basi. Lakini kukuaga ilikuwa haki yake, ukamnyima.

Sasa naye wamempima, ana uvimbe kwenye titi. Majibu ni kesho. Jana alinishika mkono, akaniambia, "Wewe usinifiche."

Nakukumbuka mpaka naumwa, mzee wangu. Pumzika. Kesho nitakaa kati yake na daktari, na atakachosema daktari nitamwambia Mama chote. Nikishindwa kwa kilio atanisubiri, kisha nitamalizia.