Mayai ya chura kwenye jua la Beni

Yaya Masika,

Salamu toka Beni! Jua huku ni kali, na sombe, yale majani ya muhogo, ya Mama Kahindo, mwenye nyumba ninapolala, imeninenepesha.

Jana asubuhi niliokota mayai ya chura kwenye mufereji, ya kuonyesha batoto wa classe ninayofundisha. Niliyaweka mu sahani mbili. Mama Kahindo akaanika moja juani kusafisha maji yake, maana hapa wanaanika maji ya kunywa ili vijidudu vife. Nikashituka: jua kali linaharibu ADN, yale maagizo ya kujenga chura.

Lakini kwa loupe, ile kioo ya kukuza, yote yaligawanyika sawasawa: vipande mbili, ine, munane.

“Unaona? Hayakupata kitu!” Mama Kahindo akacheka.

Nikamwambia yai changa halisimami kuangalia jeraha. Linakula akiba ya mama yake, linakimbia tu. Jioni, saa ya kuanza kusoma maagizo yake lenyewe, yale ya juani yakavunjika-vunjika. Ya kivulini yanaendelea vizuri.

Yaya, tangu askari walitupora njiani nakuandikia “niko muzima.” Ni kweli: nakula, nacheka. Lakini uniulize tena nikirudi Butembo, tukiwa wawili tu jikoni.

Unibusie batoto bako.

Mudogo wako,
Kambale