Fri ya Mlima wa Kikima

Ndugu yangu Barasa,

Mko wazima huko? Unajua ninavyopenda magari, lakini dereva wetu wa lori atanitoa hamu. Jana tukiteremka mlima wa Kikima, sisi vibarua tukiwa juu ya mawe, akatoa gia akaweka fri. Nikagonga kebini. "Mutua, rudisha gia!"

"Tulia, mzee. Injini nayo inachoka, wacha ipumzike."

Ikipumzika, nani atatushika? Breki zilinuka, kisha zikaisha kabisa. Tulisimamishwa na tuta la shamba. Mama mwenye mahindi akatoka, akatuangalia, akauliza tu, "Hata nyinyi mlikuwa mmeweka fri?"

Hakuna aliyeumia. Nilimalizia mlima kwa miguu. Msalimie mama sana, lakini kadi hii usimsomee.

Wekesa